Jiwe la Kilo Tano

Tarehe 9 Januari

Mdogo wangu,

Nimepokea barua yako pamoja na masharti yake. Unasema kwenye simu nakohoa kila ninapotaka kudanganya, kwa hiyo kuanzia sasa niandike. Vyema. Nimeandika ripoti za ukaguzi miaka thelathini na moja, nyingine chache haziniui.

Taarifa ni hii. Jumanne asubuhi niliteleza kidogo bafuni. Sikuvunjika kitu. Jirani alipita, akanisaidia kusimama. Ndiyo yote. Binti yangu amelikuza jambo mpaka limeota mapembe. Alikuja na gari, akazunguka nyumba nzima akigonga kuta kama anataka kuinunua, kisha akatoa hukumu: ananipa mpaka mwisho wa Aprili. Ikifika siku hiyo siwezi kujiinua kutoka sakafuni mbele ya macho yake, bila kushika kitu wala mtu, nahamia kwake, chumba cha nyuma, na nyumba yangu inapangishwa.

Nimeishi humu tangu kabla yeye hajazaliwa. Rangi ya mlango aliichagua marehemu mke wangu, na nimeipaka upya mara nne bila kuibadilisha. Tafadhali ongea naye. Wewe ni shangazi yake, anakuogopa.

Kaka yako

*

Tarehe 17 Januari

Kaka,

Nimeongea naye, na amenieleza mambo ambayo ripoti yako imeyasahau. Kwa mfano, kwamba ulilala pale sakafuni kuanzia saa mbili mpaka saa sita mchana. Halafu huyo jirani "aliyepita", alipita vipi? Bafu lako siku hizi ni njia ya mkato?

Sikucheki. Haya, nakucheka kidogo. Lakini na mimi nina langu nililolificha. Jumatatu na Alhamisi, nikikuambia niko kwenye kikundi cha ushonaji, siko huko. Niko kwenye ukumbi wa nyuma ya zahanati, nimevaa suruali ya kubana, nanyanyua vyuma. Miaka sitini na saba hii. Tuko kumi na mmoja, wajane watupu, pamoja na mwalimu mmoja mstaafu aliyedhani ni darasa la upishi, akaona haya kutoka. Anayetufundisha ni mtaalamu wa viungo, binti wa umri wa mjukuu wangu. Ananiita bibi na hanionei huruma hata chembe.

Nilianza kwa sababu ya aibu. Mwaka juzi kiti cha saluni kilinishinda kuinuka. Wasusi wawili walinishika huku na huku, mmoja akasema, "Tukihesabu tatu, tunavuta." Na saluni ina vioo pande zote, kwa hiyo hakuna nilichokosa kuona.

Yule binti anasema misuli inatutoka polepole, kila mwaka kidogo, hatushtuki mpaka siku kiti kinapotugomea. Lakini anasema pia kwamba mwili haubagui mvi. Ukiupa mzigo, unajibu. Mifupa inajibu, hata sukari ya kwenye damu inatulia. Nilianza na chupa za maji. Sasa napandisha mtungi wa gesi mpaka ghorofa ya pili bila kupumzika, na yule kijana wa chini aliyekuwa ananisaidia amebaki anatafuta cha kufanya.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza daktari akupime presha, akikubali ndiyo uanze. Chukua kiti cha jikoni kisichoyumba: kaa, simama, mikono umeikunja kifuani. Zikiwa tano tu, basi tano. Sukuma ukuta kama unaudai nafasi. Shika sinki, inuka kwa vidole vya miguu. Kisha tafuta kitu kizito ukinyanyue. Mara tatu kwa wiki, na siku ya katikati upumzike, maana mwili unajijenga ukiwa umepumzika. Na ule maharage na mayai. Chai na mkate si chakula, ni uvivu.

Sasa niambie kweli. Nani alikuinua?

Mdogo wako

*

Tarehe 2 Februari

Mdogo wangu,

Aliyeniinua ni Pungufu.

Mwenye duka wa ng'ambo ya barabara. Labda umemsahau, basi nikukumbushe. Miaka ishirini na miwili iliyopita niliingia dukani kwake Jumamosi, watu wamejaa. Nikalipima jiwe lake la mizani la kilo tano kwa mizani yangu ya kazi, likaonekana limepungua gramu mia mbili. Nikalinyanyua juu kila mtu alione, nikasema kwa sauti: "Pungufu!" Kazi ya ukaguzi wa vipimo ina maonyesho yake. Alifikishwa mbele ya hakimu, akaadhibiwa, mambo yakaisha. Jina tu ndilo halikuisha. Lilimganda yeye, likawaganda na wanawe shuleni. Siku hizi wateja wanamwita hivyo bila hata kujua lilianzia wapi, na mimi namwita vivyo hivyo.

Jumanne ile nililala kwenye vigae kama nilivyozaliwa, sabuni imenikaukia. Kutoka pale nilimsikia akifungua milango ya duka. Nilijua nikiita atasikia. Sikuita. Saa nne nzima nilikuwa napima kipi kibaya zaidi, kubaki pale au kuinuliwa na yule. Ni yeye aliyeona gazeti langu bado limelala kizingitini mpaka mchana. Akaingia kwa mlango wa jikoni, akasimama penye mlango wa bafu, akanitazama. Muda ukapita. Halafu akanitupia taulo, akapitisha mikono chini ya makwapa yangu, akaninyanyua kama gunia.

Alisema neno moja tu: "Una kilo ngapi, mzee?"

Sijui kama alikuwa ananikejeli. Tangu siku hiyo sijakanyaga dukani kwake. Chumvi naifuata duka la mtaa wa pili.

Kuhusu mazoezi: daktari ameruhusu. Kwenye kiti nimeweza mara tatu. Ya nne nilishika meza, kwa hiyo naandika tatu. Kitu kizito nimekipata pia, ni lile lile jiwe la Pungufu. Kisheria lilipaswa kuharibiwa, lakini nilibaki nalo, na miaka yote hii limekuwa likizuia mlango wa chumba cha kulala usijifunge kwa upepo. Ni la chuma, lina pete ya kushikia. Nalinyanyua mara nane kila mkono. Tafadhali andika kilo nne na gramu mia nane. Sipendi kujisifia kilo tano ambazo hazipo.

Kaka yako

*

Tarehe 14 Februari

Kaka,

Kilo nne na gramu mia nane! Nimemsomea yule binti wetu wa vyuma, akacheka mpaka akakaa chini. Hakuna atakayekuja kukukagua, kaka. Lakini kama hizo gramu zinakuwasha, lipeleke likapimwe upya, ujue unanyanyua nini.

La pili halinichekeshi. Mtu amekukuta uchi, amekuinua, na shukrani yako ni kumnyima biashara ya chumvi?

Mdogo wako

*

Tarehe 11 Machi

Mdogo wangu,

Maendeleo ni mazuri kuliko nilivyostahili. Kwenye kiti sasa ni mara kumi, mikono kifuani. Naweza kushuka sakafuni kwa goti moja na kurudi juu, ila bado kwa kushika stuli. Soksi navaa nimesimama. Mwezi uliopita shughuli hiyo ilikuwa inahitaji kitanda, ukuta na maombi.

Jana nilikwenda zahanati kupimwa presha, nikalibeba lile jiwe kwenye mfuko. Nilimwomba muuguzi, akaliweka kwenye mizani ya watoto wachanga. Akalitazama, akaniambia, "Mtoto ana afya, baba. Kilo tano kamili."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia alitoe, mizani irudi sifuri, aliweke tena. Mama mmoja aliyebeba mtoto wa kweli akaniuliza kama nina shida nyingine. Kutoka hapo nikaenda posta, kwenye mizani ya vifurushi. Kilo tano kamili.

Chuma hakinenepi kwa kuzuia mlango.

Nitaandika nikiweza.

Kaka yako

*

Tarehe 20 Machi

Kaka,

Barua yako imekatika kama mtu aliyeitwa ghafla. Jiwe ni zima, basi. Nimepiga simu mara mbili, umekohoa mara zote mbili.

Andika lililobaki.

Mdogo wako

*

Tarehe 29 Machi

Mdogo wangu,

Lililobaki ni hili.

Asubuhi ya Jumamosi ile niliangusha mizani yangu ya kazi nikishuka kwenye baiskeli. Nilisikia ikilia ndani ya sanduku lake.

Kwenye kazi yetu kuna jambo unafundishwa siku ya kwanza, kabla hata hujapewa sare. Ukishapima, unabadilisha sahani. Kilichokuwa kushoto unakihamishia kulia, cha kulia kushoto, unapima tena. Jiwe likiwa ndilo pungufu, upungufu utahama pamoja nalo. Upungufu ukibaki upande ule ule, mbovu ni mizani yako. Ni kazi ya dakika mbili.

Sikubadilisha sahani. Duka limejaa, watu wananitazama, na robo mwaka ile nilikuwa sijamkamata mtu hata mmoja, mkubwa wangu ameshaanza kuniuliza kama nimezeeka. Nikalinyanyua jiwe juu.

Jumatatu nilimpelekea fundi mizani aitengeneze. Aliniita akitaka kunionyesha ilikuwa imekosea kwa kiasi gani. Nikamwambia nina haraka, anyooshe tu. Kuna njia nyingi za kusema uongo, mdogo wangu, na ile ya kutouliza ndiyo isiyoacha maandishi.

Nimekuwa nikijiambia kwamba nililihifadhi jiwe kama kumbukumbu ya kazi. Sasa sijui. Labda kuna sehemu yangu iliyojua, ikaliweka mahali ambapo ningejigonga kidole cha mguu kila siku.

Nimempigia simu binti yangu. Nimemwambia sina haja ya mtihani wake, nitahamia kwake. Amefurahi sana, ameshanunua mapazia. Siwezi kuishi mkabala na yule mtu, kila asubuhi namsikia akifungua milango.

Kaka yako

*

Tarehe 5 Aprili

Kaka,

Umejenga miguu ili uitumie kukimbia?

Sina mengi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakusindikiza kwa macho ukienda kazini na lile sanduku, nikijua kaka yangu ndiye mtu anayefanya kilo iwe kilo. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nimeona aibu kana kwamba mimi ndiye niliyeangusha mizani. Naandika haya ujue kwamba aibu yako imefika huku, na haikupungua njiani.

Mwandikie. Ripoti unajua kuandika.

Mdogo wako

*

Tarehe 8 Aprili

Kwa mwenye duka, ng'ambo ya barabara,

Jiwe la kilo tano nililolichukua dukani kwako miaka ishirini na miwili iliyopita ni zima. Nimelipima upya mahali pawili. Mizani yangu ndiyo iliyokuwa mbovu. Niliiangusha asubuhi ile, nikaitumia bila kuihakiki, na baadaye nikakwepa kujua. Wewe hukumwibia mtu. Jina unaloitwa nilikupa mimi, na si lako.

Aidha, sikukushukuru kwa siku ile ya bafuni. Nakushukuru sasa.

Niko tayari kuandika haya haya kwa yeyote utakayetaka.

Mkaguzi mstaafu

*

Tarehe 10 Aprili

Bwana Mkaguzi,

Nimeisoma. Hujaniambia nisilolijua. Lile jiwe lilikuwa na pacha wake, niliyanunua yote mawili siku moja. Wewe ulichukua moja, la pili likabaki. Nililipima kwa kila mizani mjini, likawa zima. Nilimwambia hakimu, akasema wenye maduka wote ndivyo tunavyosema.

Siku ile ya bafuni uliniona nimesimama penye mlango. Nisikudanganye, sikuwa na huruma. Nilifikiria kurudisha mlango nikauze sukari yangu. Mpaka leo naona haya kwamba nilifikiria, na ninakasirika kwamba ni wewe umenifanya nione haya. Kilo zako niliuliza kwa sababu mgongo wangu uliuma wiki nzima. Mimi pia si kijana.

Barua sizihitaji. Wateja wangu hawasomi barua zako. Ulisema mbele ya watu, Jumamosi, umelinyanyua jiwe juu. Lilete Jumamosi. Ulibebe mwenyewe, usimpe mtu. Ngazi zangu ni tano, na hazina pa kushika, unazijua.

Mwenye duka

*

Tarehe 26 Aprili

Mdogo wangu,

Nilimwomba wiki mbili zaidi. Hakujibu, nikahesabu ni ndiyo. Katika wiki hizo niliacha stuli. Nilikuwa nashuka sakafuni na kurudi, goti moja, mguu, mkono juu ya paja, juu. Siku za kwanza nilikwama katikati kama mtu anayetafuta kifungo kilichoanguka. Nilibeba jiwe nikipanda kizingiti cha jikoni na kushuka, kulia mara kumi, kushoto mara kumi. Niliogopa zile ngazi kuliko maneno. Maneno nimezoea.

Jana asubuhi binti yangu akaja na gari kunihamisha. Akanikuta mlangoni nimevaa shati la kazi, jiwe mkononi. "Baba, nipe nikubebee." Nikamwambia hapana. Akanifuata nyuma hatua mbili, mikono ameitanguliza, kama mtu anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea. Aibu hiyo nayo niliibeba.

Ngazi tano nilizipanda. Ya nne ilinitetemesha, nikasimama, nikapumua, nikamaliza. Duka lilikuwa limejaa. Nikalinyanyua jiwe juu ya kichwa, kwa mkono mmoja kama siku ile, na nikamwita kwa jina lake, lile nililoliandika kwenye fomu ya mashtaka. Baadhi ya watu walitazamana, hawalijui. Nikasema yote. Kuangusha, kutokubadilisha, fundi, mlango wa chumba cha kulala. Nilikuwa nimejiandaa kuzomewa. Hawakunizomea. Walinitazama tu, na mzee mmoja niliyewahi kumfundisha kusoma mizani akageuka upande wa rafu za sabuni.

Mwenye duka alipanda juu ya kreti, akateremsha mizani yake ya zamani ya sahani mbili, akaipuliza vumbi, akaiweka chini sakafuni, mbele ya kaunta, watu waone. Akaweka jiwe lake pacha upande mmoja. Akanisubiri.

Unajua kwamba mshale wa mizani hausomwi ukiwa umesimama. Jicho linatakiwa liwe usawa wake, vinginevyo utaona unachotaka. Kwa hiyo nilishuka. Goti la kwanza, goti la pili, kwenye simenti yake, mbele ya miguu yake. Nikaliweka jiwe kwenye sahani ya pili. Mshale ukayumba, ukatulia katikati.

"Badilisha sahani," nikamwambia.

Akabadilisha. Hakuwa na haraka hata kidogo. Nilibaki pale magotini nikisubiri, na nadhani hilo alilikusudia. Mshale ukatulia tena katikati.

"Kamili," nikasema.

"Siku ile hukunong'ona," akasema.

"Kamili!"

Kisha ikabidi niinuke. Nilimsikia binti yangu akivuta pumzi nyuma yangu. Mwenye duka aliutoa mkono nusu, akanitazama usoni, akaurudisha mfukoni. Katika yote aliyonifanyia, mdogo wangu, hilo la kuurudisha ndilo ninalomshukuru zaidi. Goti moja. Mguu. Paja. Juu. Sikushika kitu wala mtu.

Halafu mama mmoja wa nyuma, aliyechelewa kuingia, akapaza sauti: "Pungufu, nipimie sukari, jua linaniunguza!" Akashangaa kwa nini watu wanamtazama. Mwenye duka akampimia sukari yake. Kwa hiyo hapo ndipo tulipofika. Jina la miaka ishirini na miwili halitoki kwa asubuhi moja, na mimi nitakuwa hapa nikilisikia.

Maana nimebaki. Binti yangu hakutaja gari wala mapazia. Tuliporudi alikaa jikoni, akanitazama nikipika mayai, akasema, "Kumbe unaweza." Sikumuuliza anamaanisha lipi.

Mlango wa chumba cha kulala sasa unajifunga kwa upepo, nimeuwekea kiatu. Na kwa kuwa sina tena cha kunyanyua, leo asubuhi nilivuka barabara, nikapanda ngazi zake, nikaomba mchele kilo tano. Mizani ya umeme ilikuwa pale pale mbele yake. Aliisogeza kando. Akaweka jiwe langu, yaani lake, upande mmoja, na mchele upande wa pili, mpaka mshale ukatulia. Nikanyoosha mkono kupokea.

Akanizuia kwa kidole. Halafu, akinitazama muda wote, akabadilisha sahani.

Kaka yako